Siku 12 za Rureke: karisi, maigizo ya kuimba ya Wanyanga yaliyobaki kwenye karatasi

BIRERE, Goma – Mizigo inayokwenda Walikale mara nyingi inafungwa hapa Birere. Chumvi, sabuni, vitenge, betri, viatu vya plastiki. Anayeuza anajua bei ya kila kitu, na anayenunua anajua hali ya barabara ya Sake na Masisi. Lakini ukiwauliza vijana wengi wa hapa kitu gani kikubwa kimewahi kutoka Walikale, jibu litakuwa moja: madini. Watataja kasiterite, watataja Bisie, watataja ndege ndogo zilizokuwa zinatua barabarani kule Kilambo.

Kuna kitu kingine kilichotoka Walikale, na kimefika mbali kuliko kasiterite. Ni hadithi ya Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Wanyanga hawakuwa wakiisimulia tu mdomoni. Waliiimba, wakaicheza na kuiigiza kwa ngoma na mwili mzima. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, lakini mwanafunzi wa Goma anaweza kumaliza sekondari bila kulisikia jina hilo. Hii ni historia ya maigizo hayo: yalivyokuwa, yalivyoandikwa mwaka 1956, na kwa nini kuandikwa peke yake hakukutosha.

Watu wa msituni na karisi yao

Wanyanga ni wakaaji wa misitu ya Walikale, magharibi ya Goma. Ni majirani na ndugu wa karibu wa Wahunde na Watembo. Waliishi kwa kuwinda, kutega, kuvua na kulima ndizi. Kila sehemu ya nchi yao ilikuwa na mwami wake. Hawakuwa watu wengi. Katika miaka ya 1950 walihesabiwa kuwa elfu chache, wasiofika hata 30,000. Pamoja na udogo huo, walikuwa na hazina kubwa sana ya methali, vitendawili, ngano, nyimbo na maombi. Juu ya yote hayo ilikaa karisi.

Neno karisi lina maana mbili kwa Kinyanga. Ni jina la utenzi mrefu wa shujaa, na ni jina la roho inayomtaka mtu ajifunze utenzi huo. Anayeujua anaitwa Shekarisi, yaani bwana wa karisi. Mtu hakuwa Shekarisi kwa kupenda sifa. Aliaminiwa kuwa ameitwa, na kuimba kwake kulimpa kinga na nguvu. Kwa hiyo karisi ilikuwa burudani na ibada kwa wakati mmoja.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Shekarisi anasimama katikati ya watu. Mkononi ana kibuyu chenye mbegu cha kutikisa, na ana conga, usinga wa mkia wa mnyama, ambao ndio silaha ya Mwindo ndani ya hadithi. Pembeni wanakaa vijana na vijiti. Wanapiga mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti vingine, unaotoa sauti kali ya kusikika mbali. Shekarisi anasimulia kipande, anaimba kipande, kisha anacheza. Mwindo akipigana, yeye anapigana. Mwindo akishuka kuzimu, yeye anainama na kushuka. Watu wanaitikia, wanapiga makofi, wanaleta zawadi ndogondogo, wanakula na kunywa kasiksi. Akichoka anatia methali, anawashukuru wapigaji wake, anasema neno juu ya maisha yake mwenyewe, halafu anarudi kwenye hadithi pale alipoiachia.

Wale vijana wa vijiti hawakuwa wapigaji tu. Walikuwa wanafunzi. Mara nyingi walikuwa ndugu wa Shekarisi, na kila walipomfuata kijiji hadi kijiji waliingiza hadithi kichwani kidogo kidogo. Shule ya karisi ilikuwa pale kando ya ule mti mkavu. Haikuwa na jengo, haikuwa na daftari.

Mwindo ni nani?

Katika kijiji cha Tubondo alikuwako mwami aliyeitwa Shemwindo. Aliwaonya wake zake wote kwamba hataki mtoto wa kiume, wazae mabinti tu. Mke wake mpendwa akamzaa Mwindo. Alitoka kupitia kidole cha kati cha mama yake, akicheka, akisema, akitembea, usinga wake mkononi. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika akiwa hai, akatoka kaburini. Akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaelea, na Mwindo akaimba humo ndani kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa maji.

Kwa msaada wa shangazi huyo na wajomba wahunzi, Mwindo akarudi kupigana na baba yake. Nkuba, bwana wa radi, akateketeza Tubondo. Shemwindo akang'oa jani la mmea na kuingia kuzimu kupitia shimo la mzizi wake. Mwindo akamfuata. Kabla ya kushuka alimwachia shangazi yake ncha moja ya kamba. Alimwambia kwamba kamba ikiacha kutikisika, ajue amekufa.

Kule chini alipewa kazi ngumu na Muisa, mwenye kuzimu, na akasaidiwa na Kahindo, binti wa Muisa. Mwishoni akampata baba yake. Hapo ndipo msikilizaji mgeni anashangaa, maana Mwindo hamuui. Anamrudisha juu, mji unafufuliwa, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na wanagawana utawala.

Hata hapo haijaisha. Mwindo bado ana majivuno. Anaua joka la msituni ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba anampandisha mbinguni. Kule anateswa na mvua, jua na mwezi mpaka majivuno yanamtoka. Anaporudi anawapa watu wake sheria: walime vyakula vya aina nyingi, wasigombane, wasimcheke mlemavu anayepita kijijini. Wamheshimu mwami, na mwami naye awaogope watu wake.

Sheria hiyo ya mwisho inaonyesha kwa nini karisi haikuwa hadithi ya watoto. Iliimbwa mbele ya watu walio na mwami, na mwami mwenyewe angeweza kuwa anasikiliza. Wanyanga walikuwa na jukwaa la kusema kwamba mkubwa mwenye kiburi anaangamiza mji wake, na kwamba mtoto aliyedhulumiwa anaweza kurudi na nguvu bila kulipa kisasi hadi mwisho.

Mwaka 1956

Katika miaka ya 1950, Daniel Biebuyck, Mbelgiji mtaalamu wa mila za watu, alikuwa akifanya kazi Kivu na Maniema kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyokuwa na kituo chake Lwiro, Kivu Kusini. Alikaa sana kwa Walega na kwa Wanyanga. Alikuta kwamba wanaoijua karisi kwa ukamilifu wamekuwa wachache, na kwamba wengi wanajua vipande tu. Mwaka 1956 alimpata mtu anayeijua yote. Jina lake ni Candi Rureke.

Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza kwa siku 12. Kijiji kilijaa. Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga waliandika kila kitu kwa mkono, neno kwa neno, kwa Kinyanga. Mwenye kuimba alikuwa akikauka sauti, wenye kuandika walikuwa wakichoka vidole. Rureke hakuwaacha pembeni: hata mwandishi aliyekaa na kalamu aliingizwa ndani ya wimbo na kuhimizwa asonge mbele.

Kuna jambo moja ambalo Rureke mwenyewe alilisema mara nyingi katika siku hizo. Hakuwa amewahi kuiimba karisi nzima kwa mfululizo namna ile. Kwa kawaida Shekarisi anaitwa jioni fulani, anachagua kipande kimoja, watu wanafurahi, wanalala. Kwa hiyo karisi kamili iliyo kitabuni leo ilitungwa kwa namna fulani katika siku zile 12, na Rureke, kwa sababu mtu mmoja alitaka kuiandika yote.

Kitabu kilitoka mwaka 1969 huko California, kwa Kinyanga na Kiingereza, kikiwa na majina mawili juu yake: Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene ni Mnyanga, mtaalamu wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Mwindo kutoka kwa waimbaji wengine, na hadithi haikuwa sawasawa. Kila Shekarisi alikuwa na Mwindo wake.

Kitabu hicho kiliingia katikati ya mabishano makubwa. Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wanasema Afrika kusini ya Sahara haina utenzi mrefu wa mashujaa kama ule wa Wagiriki. Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, naye aliandika kwamba utenzi wa namna hiyo si kitu cha kawaida barani. Mwindo alikuwa mmoja wa mashahidi waliowalazimisha wasomi wafikirie upya. Shahidi huyo alitoka Walikale.

Mwaka uleule, Uchina

Wafanyabiashara wa Birere wanaosafiri kwenda Guangzhou kununua bidhaa wanajua kwamba Wachina nao wana maigizo ya kuimba. Waigizaji wanapakwa rangi usoni, kengele na ngoma zinalia, hadithi ni za wafalme, majenerali na mizimu. Kila jimbo lina ya kwake kwa lugha yake. Guangzhou wana yao. Moja ya zile kongwe zaidi inaitwa kunqu, na asili yake ni Kunshan, karibu na mji wa Suzhou, upande wa Shanghai.

Historia ya kunqu inafaa kusomwa Goma, kwa sababu ya tarehe moja. Maigizo hayo yalichukua sura yake katika karne ya 16, fundi wa muziki Wei Liangfu alipotengeneza upya nyimbo za Kunshan. Mwaka 1598 Tang Xianzu aliandika mchezo wake mkubwa unaojulikana kama Banda la Maua ya Peoni. Kwa zaidi ya miaka 200 kunqu ilikuwa ya kwanza katika nchi nzima. Kisha ikaja vita ya Taiping, katikati ya karne ya 19, ikaharibu Suzhou na miji ya jirani. Opera ya Beijing, yenye kelele na yenye kueleweka haraka, ikachukua watazamaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 kunqu ilikuwa imebaki na wazee wachache, kama karisi ya Wanyanga miaka ya 1950.

Mwaka 1921 wapenzi wachache wa kunqu walifungua shule ndogo Suzhou. Aliyebeba gharama kubwa alikuwa Mu Ouchu, mwenye viwanda vya nguo za pamba. Wazee waliobaki waliitwa kufundisha. Watoto waliochukuliwa, wengi wao wa familia maskini, walilishwa, wakavishwa na kufundishwa. Wote walipewa jina la jukwaani lenye neno chuan, maana yake kurithisha.

Maisha yao baada ya shule hayakuwa mepesi. Vita ya Wajapani iliwatawanya, wengine waliacha jukwaa, wengine walikufa. Lakini wachache walivumilia katika vikundi vidogo vya kuhamahama. Mwaka 1956, uleule wa Rureke, kikundi kimoja kutoka Zhejiang kilikwenda Beijing na mchezo wa zamani uliofupishwa, juu ya hakimu anayewaokoa watu waliohukumiwa kufa bila kosa. Waigizaji wakuu, Zhou Chuanying na Wang Chuansong, walikuwa wale watoto wa 1921. Waziri mkuu Zhou Enlai aliusifu, na gazeti kubwa la chama likaandika kwamba mchezo mmoja umeokoa aina nzima ya opera. Vikundi na shule za kunqu zikafunguliwa. Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976 yalizifunga, lakini waliofundishwa walikuwa bado hai, wakarudi. Mwaka 2001 UNESCO iliweka kunqu katika orodha yake ya kwanza ya kazi bora za urithi wa binadamu.

Weka miaka hiyo miwili 1956 kando kwa kando. Suzhou walivuna wanafunzi waliokuwa wamepandwa miaka 35 kabla. Walikale alikuwako bwana kamili wa karisi, na wanafunzi wake walikuwa wamekaa palepale na vijiti mkononi. Kilichochukuliwa kwao ni maneno. Maneno yalikwenda California, na hakuna aliyelipia chakula cha wanafunzi.

Yaliyofuata

Si haki kumlaumu mwandishi. Bila kalamu ya 1956 leo kusingekuwa na chochote cha kuzungumzia. Lakini kitabu hakina sauti ya kibuyu wala ya mti mkavu. Hakionyeshi jinsi mwili ulivyoinama Mwindo aliposhuka kuzimu. Mtu akikisoma leo anajua hadithi, ila hajui kuicheza.

Baada ya uhuru ilikuja zamani ya Mobutu, pamoja na siasa ya uhalisi. Kwa maneno, ngoma za mababu zilipewa heshima. Kwa vitendo, vikundi vya ngoma katika kila mkoa vilivutwa kwenye animasyo, kumwimbia rais na chama cha MPR uwanjani, asubuhi kwenye bendera, na kila mgeni aliposhuka kwenye ndege. Mchezo wa usiku kucha unaosema kwamba mwami naye awaogope watu wake haukuwa na nafasi katika programu ya namna hiyo.

Kisha vita. Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kivu, na mwaka 1996 ikaja vita ya kumwondoa Mobutu. Tangu hapo kila muongo umekuwa na makundi yake ya silaha na vijiji vyake vilivyokimbiwa. Karisi inahitaji kijiji kilichotulia: usiku usio na hofu, chakula cha kugawana, na kijana mwenye muda wa kumfuata mzee miaka mingi. Vita imeondoa vyote vitatu kwa pamoja. Wengi wa vijana hao wamefika Goma kama wakimbizi wa ndani. Wanabeba mizigo, wanaendesha pikipiki, wanauza kadi za simu. Wengine wako hapa Birere.

Goma yenyewe si mahali rahisi pa kutunza vitu. Januari 17, 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika nyumba na kila kilichokuwa ndani. Birere, yenye nyumba za mbao zilizobanana, inaujua moto hata pasipo volkano. Kaseti na makaratasi ya familia hayadumu sana hapa. Kinachodumu ni kile ambacho mtu amefundishwa na anaweza kukimbia nacho kichwani.

Kamba bado inatikisika?

Mji huu umeshaonyesha kwamba sanaa inaweza kupata mahali hata katika taabu. Yole!Africa, kituo kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha vijana wa Goma kushika kamera na kucheza. Kuna Foyer Culturel, na tamasha la Amani lilifanyika mara ya kwanza Februari 2014. Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya UNESCO, na watu wa Goma walisherehekea kama wengine. Majukwaa yapo na vijana wapo, na wazee wa Walikale wanaokumbuka vipande vya Mwindo wako katika mitaa hiihii.

Mfano wa Suzhou unasema kazi hii haikuanza na serikali wala na wageni. Ilianza na mfanyabiashara wa nguo aliyekubali kulipia chakula cha watoto wachache ili wakae karibu na wazee. Birere ni mtaa wa wafanyabiashara wa nguo. Mzee mmoja anayekumbuka nyimbo tatu, vijana wanne, kibuyu, mti mkavu na sahani ya fufu kila Jumamosi: gharama yake si kubwa kuliko furushi moja la vitenge. Kitabu cha 1969 kina maneno ya Kinyanga yote, na kingeweza kuwasaidia pale mzee anaposahau.

Mwindo alipokuwa kuzimu, shangazi yake hakuweza kumwona. Alikaa juu na ncha ya kamba mkononi, akisubiri itikisike. Iyangura hakuiachilia kamba ile hadi mtoto aliporudi.